Utando Unaishia Hapa

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje tangu daktari aliposhona? Msalimie shangazi, mwambie asichoke nawe, wewe mgonjwa msumbufu. Mimi mzima, chatu wetu bandani wazima, ila lipo jambo.

Mayai ya lile jike kubwa yameanguliwa yote. Nusu ya watoto wametoka na rangi yako ya Utando, ile mistari myembamba kama kazi ya buibui iliyokupa jina kwa wafugaji. Wazuri, sikatai. Lakini vichwa vyao vinatikisika, baba. Kuna mmoja nikimpa panya anamrukia, anakosa, anagonga ukuta wa droo anamolala. Akijaribu tena anajipindua tumbo juu na kubaki vile vile, kama amesahau chini ni wapi. Mimi ndiye ninayemgeuza.

Uliniagiza nilipandishe tena dume la Utando mwezi huu. Sitalipandisha. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Binti yako

11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nyonga inauma, na shangazi yako ananilisha kana kwamba sina meno. Lakini sijafa, kwa hiyo banda bado ni langu.

Pima joto la droo, labda unawachoma. Kama si joto, basi ni madaha tu ya rangi ile. Dume langu linatikisa kichwa tangu lilipotoka kwenye yai, na mpaka leo linakula kukushinda wewe. Watu wanatoka mbali kufuata Utando. Nani atafunga safari kufuata chatu wa rangi ya udongo?

Miwani, yule mchuuzi wetu, atakuja kuchukua watoto. Mpe. Halafu dume liende kwa jike. Sikio halipiti kichwa, mama.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia unagombana na shangazi, maana yake unapona.

Joto nimepima, halina kosa. Ndugu zao wa rangi ya kawaida wamelala safu ile ile, wanakula panya wale wale, na wamenyooka kama rula. Mtoto wa nyoka ni nyoka, baba. Umeandika mwenyewe kwamba dume lilizaliwa linatikisika. Nimemuuliza daktari wa mifugo, akasema rangi ile na ugonjwa ule vinarithiwa pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mmoja atatikisika kidogo, mwingine hatajua juu wala chini, na hakuna wa kukuambia mapema utampata yupi.

Miwani alikuja. Nikamwekea mezani yule anayejipindua.

"Huyu anacheza muziki!" akacheka.

"Anaumwa. Ni ubongo."

"Wateja hawajui."

"Mimi najua. Na wewe sasa unajua."

Akasema mwenye mali ni baba, si mimi. Nikamfungulia mlango, akaondoka na boksi lake tupu. Hasira zako nazisubiri.

Binti yako

9 Machi

Leo sina marahaba.

Kaka yako anakuja Jumamosi na gari. Atachukua dume alipeleke kwa Miwani, likapandishwe huko kwa watu wenye adabu. Fungua mlango.

Baba yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Kaka alikuja. Nilikuwa nimegeuza ndoo na kuikalia mbele ya mlango wa banda. Akasema, "Mdogo wangu, usinitie katikati yenu." Nikamwambia alishe mtoto mmoja tu wa Utando, kisha nitampisha, achukue hata banda zima. Nikampa koleo na panya.

Mtoto alimkosa panya, akamkosa tena, kisha akaanza kujisokota kama kamba inayosukwa. Kaka aliweka koleo chini. Akauliza, "Baba anakijua hiki?"

"Kuliko sisi wote," nikamjibu.

Atakuambia gari liliharibika. Halikuharibika.

Dume lipo. Litakula, litapata joto lake, litazeeka hapa kwa heshima. Halitaona jike tena. Watoto wake wote nimebaki nao, siuzi hata mmoja. Kama ni kunifukuza, njoo unifukuze kwa mdomo wako.

Binti yako

28 Mei

Binti yangu,

Marahaba, pamoja na zile zote nilizokunyima.

Ninatembea sasa. Juzi Miwani alinifuata hapa, akapanda na viatu kwenye zulia la shangazi yako. Akasema, "Mzee, binti amekushinda. Niuzie dume kimyakimya, nitalipeleka kwa watu usiowajua." Sijui nini kilinipata. Nikamwambia binti yangu hajanishinda, anafanya nilichomwagiza. Shangazi yako alikohoa kule jikoni hadi nikaona haya. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na sikutaka kulirudisha. Akaongeza dau. Nikamwonyesha mlango, yeye na viatu vyake.

Usidhani umenigeuza. Nguvu zangu zote niliziweka kwenye rangi ile, na kuiacha kunauma kuliko nyonga. Lakini kama Utando ni wa kuisha, hautamalizwa na mtoto aliyekalia ndoo. Utamalizwa na aliyeuanza. Kile kibao cha Utando mlangoni pa banda nilikichora kwa mkono wangu, na nakuja kukifuta kwa mkono wangu.

Usikiguse.

Baba yako