Nilikata Mmea wa Mke Wangu, Lawama Zikamwangukia Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana siri hii imenikaba. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kimeegemea uzio wa nyumbani, na mke wangu ni mwalimu, walipofyeka pori nyuma ya shule yake aliokoa mmea mmoja wa asili, ule wa kutambaa wenye utomvu mweupe na vishada vya maua, akaupanda uani, ukapanda uzio mpaka juu ya kibanda changu, vipepeo wakaja kutaga, viwavi wakashuka hadi kwenye viatu vya watu, na mteja mmoja akavaa kiatu chenye kiwavi ndani, akapiga yowe, mtaa mzima ukacheka, nami kwa hasira nikachukua kisu cha ngozi nikaukata shinani. Uliponyauka, mke wangu akamgeukia mama yake, tuliyekuwa tukiishi naye, kwa sababu siku zote alisema gugu hilo litaleta nyoka.

“Mama, ni wewe!”

“Mwanangu, sijaugusa.”

“Sasa nani mwingine aliuchukia?”

Nilikuwa nimesimama palepale nikitazama. Mama mkwe akafungasha akaenda kwa mwanawe wa kiume, wiki ya tano sasa yeye na mke wangu hawasemezani, na akiaga aliniambia, “Baba, nitunzie mwanangu,” akinikazia macho. Nadhani anajua. Nikisema nitaonekana mwongo. Nifanyeje?

Fundi Viatu

Fundi, pole kwa kuchekwa, na pole yangu inaishia hapo. Mmea hupunguzwa, hugeuzwa njia, na mkeo ana masikio, ungemwambia. Hata hivyo, kisu ni kosa dogo. Kubwa ni kumwacha mama wa watu abebe lawama zako huku unatazama. Unaogopa kuonekana mwongo? Ndugu yangu, mwongo umeshakuwa, bado kujulikana tu. Mkweo amekusitiri ili ndoa ya binti yake isiyumbe, nawe umejifanya huoni.

Leo mkeo akirudi kazini, mwambie. Usianze na habari za kiwavi, anza na “Niliukata mimi.” Akifoka, mwache afoke, usijitetee. Shina usiling'oe, mizizi ikiwa hai huenda likachipua. Lisipochipua, atakachopanda ni shauri lake. Kesho nendeni wote wawili kwa shemeji yako, ukaombe radhi mbele ya kila aliyesikia kwamba mama ndiye mkosaji. Mama akikataa kurudi, usimshurutishe. Msalimie, ondoka, na wiki ijayo uende tena.