Mkono wa Silima Majini

Tibirinzi, Chake Chake
Julai 1961

Dada yangu Bi Mwanapili,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mmanga na watoto, na kwamba kifua cha mama kimetulia na baridi hii. Mimi mwili wangu hauna neno.

Najua habari za Silima zimeshafika Mtambile, tena kwa chumvi nyingi. Wasemao kwamba mume wangu kafa ni waongo. Yu hai.

Unajua anamtumikia yule Mzungu anayesimamia ujenzi wa barabara, Bwana tumwitavyo, na kazi ya Silima mojawapo ni kuwatunza samaki wa Bwana, wadogo wa rangi, waliotoka ng'ambo, wanaokaa ndani ya sanduku la kioo. Pembeni mwake pana kijisanduku cha kuchujia. Maji husukumwa humo kwa umeme yakasafika, yakarudi. Kipupwe hiki samaki waliota madoa meupe. Bwana akasema dawa ni joto, akaleta kipasha maji, mrija wa kioo wenye umeme ndani. Alimweleza Silima kuwa mrija lazima uzame daima, na mahali pake ni chini katika sanduku kubwa. Lakini waya ulikuwa mfupi. Bwana mwenyewe akautia mrija kwenye kijisanduku, kwa muda tu, mpaka waya mrefu uje kutoka Unguja.

Asubuhi moja mashine ya umeme ilikwisha mafuta, ikazimika. Maji ya kijisanduku yakashuka, mrija ukabaki mkavu. Mashine ilipowashwa tena, mrija ukapata moto bila maji. Kisha maji baridi yakaujia, kioo kikapasuka. Hakuna aliyeona. Umeme ukaingia majini.

Mimi nilikuwa nimeingia humo na nguo za Bwana za kupiga pasi. Silima akatia mkono kuokota samaki aliyekufa, akanaswa. Hakupiga kelele, dada. Meno yameumana, macho yananitazama mimi. Bwana akatoka chumbani akipiga ukelele, "Usimguse! Usimguse!" akakimbilia nje kuizima mashine. Nami nimesimama, nguo mikononi.

Umeme ulipokatika, Silima alianguka. Bwana alitupeleka hospitali kwa gari yake huku analia, akisema kosa ni lake. Daktari anasema moyo ni salama, ila vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, na huenda visikunjuke tena.

Lakini kinachonimaliza si mkono. Silima hali chakula nikimlisha mimi. Humngoja mama yake, Bi Time, aliyekuja kutoka Makoongwe kumuuguza. Silima kaniambia mara moja tu: "Ulisimama ukinitazama, Moza." Bwana mwenyewe alimwapia kwamba ningemgusa tungekufa sote wawili. Silima alimsikiliza, kisha akageukia ukutani.

Nami siwezi kujitetea. Hili nakwambia wewe peke yako, usimwambie mama: ukelele wa Bwana ulinikuta nimeshasimama. Hatari ya umeme sikuijua. Nilimwona mume wangu anakufa, na miguu haikwenda. Sijui nikuombe nini, dada. Hata dua sijui niiombe vipi.

Wabusu watoto, na mama mpe mkono kwa niaba yangu. Bi Time anakusalimu sana. Silima naye ningesema anakusalimu, lakini sijathubutu kumwambia kuwa nakuandikia.

Mdogo wako,
Moza binti Hija