Doa Lililowaka Kwenye Picha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Sisi huku hatujambo. Najua neno hilo likitoka kwangu utalisoma mara mbili, kwa sababu tulipoongea mara ya mwisho kwenye simu nililia hadi ukashindwa kunielewa. Lisome tu, dada. Hatujambo kweli.

Unajua kwamba tangu nilipokatwa kipande cha utumbo miaka mitatu iliyopita, kila miezi sita naenda kupimwa. Safari hii walinidunga sukari yenye mionzi, wakaniingiza kwenye ile mashine iliyo kama bomba, nikaambiwa nisitikisike. Wiki iliyofuata daktari aligeuza kompyuta yake nikajiona: mwili wa kijivu usio na uso, na chini ya kitovu, pale pale kwenye kovu, doa linawaka kama kaa la moto. Alisema sukari ile hukimbilia penye saratani, kwa hiyo inaelekea ugonjwa umerudi, na itabidi wanipasue tena baada ya wiki tatu. Mimi sikuwa namsikia vizuri. Nilikuwa nalitazama lile doa, na sikufichi, niliona kama nalo linanitazama.

Wiki tatu hizo sijui nizielezeje. Kabla ya picha sikuwa nahisi lolote tumboni. Baada ya picha, kila asubuhi nikiegemea mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani kwetu, kitu kilipata joto ndani, kikadunda, halafu nikiweka mkono kikatulia, kama mtu aliyenyamaza ili asikilize. Nyumbani nako nilianza kuwa marehemu ningali natembea. Siku moja nilimsikia mke wangu akimwambia jirani kwamba mimi nilikuwa sipendi chumvi nyingi. Nilikuwa, dada, na mimi niko chumba cha pili nafunga kamba za viatu. Nilimkuta mwanangu mdogo amekaa kwenye kiti changu, ametulia tuli. Aliponiona alinyanyuka taratibu akaniamkia kama anavyoamkiwa mgeni. Hata mwenzangu wa kazini tunayemwita Wino, ambaye utani wake haujui msiba wala harusi, aliacha kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Basi wakanipasua. Siku ya tano daktari alikuja na kichupa pamoja na majibu ya maabara.

"Hii si saratani," alisema. "Ni uzi wetu."

Ndani mlikuwa na kifundo cheusi, si kikubwa kuliko punje ya mchele, masalia ya nyuzi walizonishonea mara ya kwanza. Mwili uliukataa uzi ule, ukauzungushia nyama, ukapigana nao kimya kimya miaka yote hiyo. Na mahali mwili unapopigana, alisema, napo hula sukari nyingi, ndiyo maana picha iliwadanganya. Nilitegemea nitaruka kwa furaha. Badala yake nilijiona kama mtu anayeambiwa kwamba nyumbani hamkuwa na mwizi, na yeye mlango ameshauvunja kwa mikono yake.

Maana kuna jambo nililifanya. Katika wiki ya pili, wenzangu walipotoka kwenda kula, niliketi nikapanga karatasi ya mazishi yangu mwenyewe. Nimechapa za watu miaka ishirini. Sikutaka mtu aniharibie yangu. Niliandika jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kufa nikaiacha wazi. Nilipofika kwenye maneno "ameacha mjane na watoto", nikaandika watatu.

Watatu, dada. Huyo wa tatu ni binti, ana miaka tisa, anaishi na mama yake mtaa wa nyuma ya kiwanda, na hajawahi kuniita baba mbele za watu. Nilidhani karatasi ile itasomwa nikiwa nimeshafukiwa, mahali ambapo haniulizi mtu.

Niliikunja nikaitia mfukoni mwa koti. Koti hilo ndilo mke wangu alilonifunika hospitalini nikiwa bado sijazinduka. Siku tano nzima alikuja, akanilisha, akaondoka. Daktari alipotoka na kichupa chake, mke wangu aliitoa karatasi akaiweka juu ya shuka.

"Ungekufa, ningekusamehe," alisema. "Lakini umepona. Mlete nimwone."

Binti anakuja Jumamosi ijayo. Nakuomba uwepo, dada. Mke wangu anakuheshimu, na yule mtoto hajui kwamba ana shangazi. Ile karatasi nilitaka kuichana, mke wangu akakataa. Ameilaza kabatini katikati ya mashuka. Anasema siku moja itahitajika, na hesabu ya watoto iliyomo ni sahihi.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu. Goti lisiwe sababu.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga Chapa