Pumzi Katikati ya Tuni

Dublin, 9 Oktoba 1994

Mpendwa Shangazi Attracta,

Shikamoo. Natumaini kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kwenye mazishi ya Baba kimepata nafuu. Mimi sijambo, ila kuna jambo linanikereketa, na sina wa kumuuliza isipokuwa wewe, ingawa tumeonana mara mbili tu maishani.

Nimejifunza fidla. Usicheke. Nina miaka thelathini na miwili, na nilianza baada ya kuingia baa moja kukimbia mvua, nikakuta watu wameketi duara wanapiga muziki wa dansa za kwenu. Sikutoka mpaka walipofunga milango. Sasa huniachia kiti kila Alhamisi. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kwenu Kilmihil, Senan, aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia Hehir, binti wa Malachy.

"We! Binti wa Malachy? Haya, tupigie ile tuni ya baba yako."

Nikamwambia Baba hakuwahi kushika fidla. Alicheka mpaka bia ikamwagika. "Mama wee! Baba yako alikuwa akipiga, viatu vinacheza vyenyewe. Muulize Attracta, tuni anayo yeye. Ila uiombe. Tuni haichukuliwi hivihivi."

Baba hakuniachia kitu kingine cha kumkumbukia, zaidi ya saa na koti. Basi naiomba, Shangazi.

Mwanao,
Dervla


Kilmihil, 11 Desemba 1994

Mwanangu Dervla,

Marahaba. Kifua kinanguruma kama trekta bovu, lakini chai napika mwenyewe na misa sikosi. Barua yako imekaa nyuma ya saa ya jikoni miezi miwili. Kila nikitazama saa, naiona. Nilikuwa naiogopa.

Senan hakusema uongo, ila hakukwambia yote, na alikuwepo. Mama yetu alifariki Februari 1958. Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki mwaka mzima, hata redio tuliifunika kitambaa. Juni majirani walikuja, Senan akiwemo, kutusaidia kukata nyasi za ng'ombe. Wakiwa jikoni wanakunywa chai, baba yako akateremsha fidla ukutani, akapiga tuni mpya. Alikuwa amemtungia Mama. Nikamnyang'anya fidla mbele ya wote, nikamwambia, "Huna haya! Mama hata udongo wa kaburi lake haujashuka, wewe unataka dansa?"

Wiki ileile akahamia Dublin, asishike tena fidla, nawe ukakua katika nyumba isiyo na muziki. Kosa ni langu. Kwenye mazishi yake nilitaka kukuambia, nikaishia kukulalamikia kifua.

Niliisikia mara moja tu, na sijapata kuisahau. Nimekuwa nikiiimba peke yangu nikikamua ng'ombe. Vidole vimekakamaa, kodiani yangu imenishinda, kwa hiyo nimekuimbia kwenye kaseti, di-di-dam, kama Mama alivyotuchezesha siku ambazo hapakuwa na mpigaji. Usiiandike kwenye karatasi. Isikilize mpaka ikuingie. Na ukinikasirikia, una haki.

Shangazi yako,
Attracta


Dublin, 20 Machi 1995

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Vipi kifua? Unakula? Jirani yako Bridie bado anakuletea mkate?

Sitakuficha, nilikasirika. Wiki sita kaseti ilikaa juu ya kabati sijaigusa. Kisha nikaiweka usiku mmoja, nikasikia sauti yako, birika linachemka nyuma yako, na chini ya sauti yako nikamsikia Baba. Alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi vipande vipande akinyoa ndevu. Vilikuwa vipande vya tuni hii, Shangazi! Kumbe nyumba yetu haikuwa bila muziki, ni mimi sikujua ninachosikia. Nililia, halafu nikaenda kuitafuta fidla.

Nimeijifunza kama ulivyoniimbia, sijaongeza wala kupunguza. Naipiga na wenzangu wanne. Tuna ngoma na gita la umeme, usigune. Senan alipoisikia alivua kofia. Akasema, "Hasa pale mnaponyamaza katikati! Malachy mtupu! Namkumbuka kabisa, alikuwa anasimama palepale."

Jumamosi ijayo, saa mbili usiku, fungua redio. Nitaitaja kama inavyopaswa: nimeipata kwa Shangazi yangu Attracta, aliyeipata kwa Malachy. Asante kwa kuitunza miaka yote hiyo. Hasira zimekwisha, na Pasaka nitakuja kukuona.

Mwanao,
Dervla


Kilmihil, 3 Aprili 1995

Mwanangu Dervla,

Marahaba, marahaba tena. Mkate ninao, siagi ninayo, na majirani walijaa jikoni kukusikiliza mpaka wengine wakakalia ndoo.

Sasa nisikilize. Sehemu ya pili, kabla tuni haijapanda, mnanyamaza wote, ngoma na gita pia, halafu mnaendelea. Dervla, hapo hapana kituo! Baba yako hakusimama hapo. Niliyesimama ni mimi. Kilio kilinikaba nikiimba, nikavuta pumzi nimalize. Nawe mtoto mtiifu umejifunza mpaka pumzi yangu! Nilicheka mpaka Bridie akakimbilia dawa. Mwambie Senan ni mwongo mkubwa, na umbusu kwa niaba yangu.

Bridie anasema nikuandikie uirekebishe. Nimemwambia anyamaze, ale keki yake. Usiirekebishe. Juzi kijana mmoja wa mji wa Ennis, aliyeisikia kwenu baani, aliipiga kwenye harusi na kimya chake ndani, na watu wakainua mguu wakausubirisha hewani. Nimewaona kwa macho yangu.

Daktari amenipiga picha ya kifua. Hakunizungusha, nami nilimshukuru kwa hilo. Nyasi za mwaka huu sitaziona zikikatwa. Usije mbio, njoo Pasaka kama ulivyopanga, na uje na fidla. Ya baba yako iko ukutani inakungoja.

Miaka thelathini na saba nilijua nilimnyamazisha ndugu yangu. Sasa nimemsikia tena jikoni mwangu, majirani wakiwepo. Asante, mwanangu. Sina neno lingine.

Ila nina agizo. Nikifa, mwaka wa msiba usiushike. Hata siku moja usiishike. Nipigie palepale kaburini, na watu wakiguna waache wagune. Ukifika pale katikati, nivutie pumzi, kisha endelea.

Shangazi yako,
Attracta