Geji Iliyotaka Kutunyang'anya Safari ya Mombo

Wifi yangu mpendwa Naomi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini sijawahi kuanza na wewe kwa neno jingine. Tumekuzika wiki hii hapa Shume. Waliozungumza walikutaja kama mwalimu, mwimbaji wa kanisani na dada mkubwa wa mume wangu Elia. Yote ni kweli, ila hakuna aliyetaja gari. Hilo limenikera, ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka ile pikapu kuukuu ya kijani. Elia aliinunua kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Macho ya Elia yalipoanza kuingia ukungu, alinifundisha mimi kuendesha, na watu wakapata la kusema. Wakasema zaidi siku iliponizimikia karibu na Soni nikipeleka mboga Mombo. Geji ya mafuta ilionyesha nusu tangi, kumbe tangi ni kavu. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi miaka ile, na kabichi za shamba la akina mama zilioza tukiwa bado tunaitafuta.

Kwenye mkutano wa kijiji chetu cha ujamaa, mwenyekiti akapendekeza kwa upole kwamba kazi ya kupeleka mboga kwenye treni Mombo wapewe wanaume, sisi wanawake tubaki kulima. Elia naye alishaanza kutafuta wa kumuuzia gari kama chuma chakavu. Ukasimama ukaomba tupewe safari moja ya mwisho. Mimi nilikuwa nakuvuta kanga ukae, maana sikujua tungeanzia wapi. Geji mpya hazikupatikana hata Tanga.

Kesho yake ulikuja kwangu, ukaniuliza mshale wa geji hucheza wapi. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nikakwambia kwamba kwenye njia laini hutulia, kwenye mashimo huruka kutoka tupu hadi kujaa, na mvua ikinyesha hulala kabisa.

"Mafuta hayawezi kuruka hivyo, wifi," ukasema. "Kuna waya unagusa na kuachia."

Ulikuwa ukiwafundisha watoto kuwasha balbu ya tochi kwa betri, ukaniambia gari nalo ni vivyo hivyo: umeme usipopata njia ya kurudi, hakuna kinachofanya kazi. Tulianza mbele, mbali na tangi. Ukauchomoa waya wa geji unaokwenda tangini, ukaugusisha kwenye chuma cha bodi, mshale ukashuka hadi tupu; ukauachia, ukapanda hadi kujaa. Kwa hiyo geji ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa nyuma. Elia akaja na kiko chake kinafuka moshi, ukamfukuza hadi ng'ambo ya bustani ya viazi. Alikwenda bila kubisha. Wewe tu ndiye uliyeweza kumfukuza.

Ukafungua betri, tukatandika gunia, tukaingia chini ya gari. Nilipapasa juu ya tangi mpaka vidole vyangu vikakuta waya mfupi unaotoka tangini kwenda kwenye bodi. Skrubu yake ilikuwa imelegea, imezama kwenye kutu na tope.

"Wifi, huu hapa," nikasema. "Unacheza kama jino bovu."

Ulicheka mpaka ukajigonga kichwa. Tukausugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaikaza skrubu. Ukarudisha betri, ukawa unamimina petroli kidogo kidogo huku mimi nikiutazama mshale. Ulipanda taratibu, kwa adabu. Elia akaitwa, tukapanda wote watatu nyuma ya pikapu tukairukiarukia kama watoto. Nikachungulia kwa kioo cha nyuma; mshale haukutikisika.

Safari yenyewe unaijua, lakini niache niisimulie. Tulipakia kabichi, karoti na matunda mpaka springi zikalia. Ulikaa kando yangu na kijiti cha kupimia tangi, kwa sababu hukuiamini geji kwa maneno matupu. Tulisimama Lushoto ukapima, ukajipenyeza chini ya gari na gauni lako kuikagua skrubu, Soni ukafanya vivyo hivyo, na kila mara kijiti na mshale vilikubaliana. Baada ya Soni ukakitupa kijiti dirishani, ukaanza kuimba. Tuliteremka zile kona zote tukiimba, na tulipoingia Mombo treni ilikuwa bado haijafika. Tulikuwa tumeitangulia.

Jioni ile tuliporudi Shume, mwenyekiti alinipa mkono mbele ya watu, akatangaza kwamba mboga za Shume zina dereva. Elia akasema gari haliuzwi. Nimezaa, nimelea, nimejenga, lakini sijawahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa siku ile nikishuka kwenye pikapu.

Nakulilia, wifi, nisikufiche. Ila nikikumbuka ulivyoshuka upande wa pili, uso mweusi kwa grisi na gauni lako la kanisani limechafuka lote, machozi yanageuka kicheko. Watu walikuwa wakitupigia makofi, na wewe ukaniinamia sikioni ukaniuliza, "Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Pumzika kwa amani.

Wifi yako na dereva wako,
Mke wa Elia