Hata Nikikuambia Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kitinda mimba anahamia gereji! Banda alilokuwa amekodi linavunjwa, hana tena pa kushonea makochi yake. Kochi la mteja limeshatangulia, limekaa pale tulipokuwa tukiegesha gari, enzi tukiwa na gari. Tatizo ni umeme. Taa moja, soketi moja, nayo inacheza kama jino bovu. Yeye anataka cherehani ya umeme, feni, kompresa ya kupigia stepla. Nikasema, fundi umeme si yupo hapa, mimi? Waziri wa Mambo ya Ndani — mke wangu, nani mwingine — akanitazama mkono. Ndivyo anavyosema.

Mkono wa kulia. Nimeupa jina: Mpiga Ngoma. Umenilisha miaka yote, sasa umeamua kucheza bila kualikwa. Mwandiko huu hata kuku angeucheka.

Jumatano, 5 Machi

Tumekubaliana. Mikono yake, kichwa changu. Nimewekewa kiti cha plastiki katikati ya gereji kama refa asiyetaka kukimbia. Amechora chaki ukutani kila soketi itakapokaa. Ile ya karibu na bomba la maji nimeikataa — isogee kule. Kompresa nayo ipate waya wake mnene na breka yake peke yake ya kukatia umeme. Akabisha kwamba ni gharama bure. Nikamwuliza gereji itajaa nini. Sponji na gundi, vitu vya kuwaka, akasema. Akajijibu mwenyewe, akaenda dukani.

Zamani nilimfundisha amri moja tu ya kazi hii. Kila waya una moto mpaka uupime. "Hata nikikuambia mimi nimezima, usiniamini. Pima." Leo kaisema yote, neno kwa neno, kwa sauti yangu, mpaka na kikohozi changu. Hana adabu mtoto huyu! Nimecheka hadi machozi.

Alhamisi, 6 Machi

Bomba za waya zimekaa ukutani, zimenyooka. Nimetafuta kosa, nimelikosa. Nikasema si vibaya. Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: mimi nikisema "si vibaya", wenzangu huwa wamechinja ng'ombe wa sherehe.

Ijumaa, 7 Machi

Asante Mungu. Naandika tena — asante Mungu.

Leo ilikuwa kufungua ile soketi ya zamani. Box la breka liko ukumbini. Nikasema nitazima mimi, nikaenda kwa mbwembwe zote. Breka ya gereji nikaiona vizuri. Nikanyoosha kidole — Mpiga Ngoma akaruka. Nikasikia ta! Nikaridhika. Nikarudi kwenye kiti, nikamwambia tayari, nimezima.

Mlango mkubwa ulikuwa wazi, mchana mweupe, taa hatukuwa tumeiwasha. Hakuna cha kutushtua.

Akachukua testa ya kupimia umeme. Akaipima kwanza jikoni, kwenye soketi anayoijua ina umeme, aone kama testa yenyewe ni nzima. Ikawaka. Akarudi nayo. Mimi nimekaa, moyo umeanza kuchemka. Mimi? Nimeingiza umeme nyumba za watu mtaa mzima, leo ananipima mtoto niliyemzaa? Nikamwambia nimeshasema nimezima, asinipotezee siku. Akaigusisha kwenye soketi ya zamani.

Ikawaka.

"Baba," akasema polepole, "huu una moto."

Nilikuwa nimezima chumba chetu cha kulala.

Bisibisi ilikuwa tayari kwenye mkono wake wa pili. Angenitii, leo ningeandika nini? Amenikaidi kwa kunitii. Sijui kulisema vingine.

Mezani mke wangu alilalamika kwamba pasi ilimfia mkononi kule chumbani. Binti akawahi kujibu: tulikuwa tunajaribu breka tu, Mama. Akanisogezea bakuli la mboga.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu mwenyewe. Nilitegemea mvua ya mawe. Akamshika Mpiga Ngoma kwa mikono yake miwili mpaka akatulia. Akasema mwezi huu tunaenda kwa daktari, wote wawili. Nikasema sawa. Sijawahi kusema sawa upesi hivyo tangu tuoane.

Binti naye nimemwambia box la breka siligusi tena. Nimejistaafisha. Hakubisha. Inauma, nisijidanganye. Lakini ninaye. Yuko pale nje anagombana na mkanda wa kupimia. Ninaye!

Jumanne, 11 Machi

Ameunganisha nyaya kutwa nzima. Anazima mwenyewe, anafunga box kwa kufuli, ufunguo mfukoni. Sawa kabisa. Mimi kiti. Nimeangalia miguu ya wapita njia. Hakuniuliza kitu hata kimoja.

Nashukuru hata hivyo. Nashukuru huku nimeuma meno.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika humu humu gereji, nimekalia kile kiti cha plastiki.

Kazi imekwisha. Soketi zote zimeunganishwa, zimebaki wazi, bado vifuniko. Kesho kutwa mteja anafuata kochi lake. Nilidhani ataenda kuwasha. Akapima tena, moto hamna popote. Akavuta kiti changu hadi soketi ya kwanza.

"Nimekaza kila waya, Baba. Nakwambia mimi." Akanionyesha soketi kwa kidole. "Sasa usiniamini."

Nikajua ananihurumia. Nikamwambia aniache, mkono huu utamharibia. Akasema mkono huo ndio anaoutaka; waya uliolegea hautaustahimili. Nikamtazama usoni kama ana mzaha. Hana.

Basi nikavuta. Soketi kwa soketi, waya mmoja mmoja, Mpiga Ngoma kazini. Zote zikashika. Mke wangu akaita mara mbili kwamba chakula kinapoa. Nikafika ya mwisho, ya kompresa. Nikashika ule mnene. Mpiga Ngoma akautikisa mara moja — ukatoka.

Umetoka! Uko vidoleni mwangu, tunatetemeka wote. Mzigo wa kompresa ungeuchemsha waya huu uliolegea hadi uyeyuke, na kando ya ukuta huu kuna sponji hadi darini.

Binti aliutazama. Akachukua bisibisi, akarudi soketi ya kwanza, anakaza zote upya. Mimi nimetakiwa nikae hapa, nipumzike.

Mke wangu amechungulia mlangoni, anauliza umeme tayari? Tumejibu pamoja: bado. Ameona waya mkononi mwangu. Amekwenda kufunika sahani.

Sasa ananiita. Ya kwanza iko sawa, anasema, imekaza kabisa.

Simwamini hata kidogo. Naenda.