Lakiri Nyekundu ya Guka

Mpendwa Guka, babu yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa chako. Mimi ndiye niliyevunja lakiri ya kile kipimo chako cha stima, cha kupimia umeme kwenye nyaya, na jana, kwa sababu hiyo, mwanao, Mjomba wangu, nusura afe mbele ya macho yangu.

Unakumbuka matembezi yetu baada ya kanisa, ulipokuwa bado unaishi mtaa wa Lucky Summer? Tulishuka hadi mtaa wa Baba Dogo tukasimama nje ya godauni lililokuwa kiwanda chenu, ambalo sasa linauza magodoro. Wewe hukuyaona magodoro. Ulinionyesha kwa fimbo: hapa walikaa akina mama waliolehemu nyaya, pale ilikuwa meza yako ya majaribio. Ulinieleza kwamba kiwanda kilianza kwa kuunganisha vipuri vilivyotoka ng'ambo, mpaka mkajifunza kuunda vipimo vyenu wenyewe, vya volti, vya joto, hata mizani ya namba zinazowaka. Kisha vya bei rahisi vikafurika madukani, na mashine zenu zikauzwa moja moja. Siku ya mwisho kila mfanyakazi alipewa kipimo kimoja. Chako kilikuwa na tone la lakiri nyekundu juu ya skurubu, na muhuri wako ndani yake.

"Lakiri ikivunjwa, kipimo kinarudi mezani kujaribiwa upya," ulisema. "Hata kama aliyeivunja ni mkurugenzi."

Uliniambia pia kwamba wale akina mama walikwaruza herufi za majina yao ndani ya kifuniko, mahali ambapo mnunuzi hangeziona. Hapo ndipo uliponiweza. Ulipofariki, nilianza kuandika historia ya kiwanda kwa klabu ya uandishi shuleni, na sikutaka kuandika "inasemekana". Nilitaka kuziona. Kwa hiyo mwezi uliopita, Mjomba, ambaye sasa ndiye anayekitumia katika kazi yake ya ufundi wa stima, alipokiacha kipimo nyumbani, nilichukua bisibisi.

Zilikuwapo, Guka! Z.A. na M.W., na chini yake neno "sawa" kwa mwandiko wako. Nilizinakili daftarini. Kifuniko kilikataa kurudi, nikakisukuma kwa nguvu. Lakiri niliibandika kwa gundi. Nilipokiwasha namba ziliwaka, nikajiambia hakijaharibika.

Jana Mama alinituma nimpelekee Mjomba chakula sokoni Burma. Alikuwa kwenye bucha, amepiga magoti nyuma ya mashine mbovu ya kusaga nyama, wanaume wengi wamemzunguka.

"Sasa, prof!" mwenye bucha aliniita. "Leo vitabu umemwachia nani?"

Walicheka. Nikaangalia sakafu, kama kawaida yangu. Nilipoinua macho, Mjomba alikuwa amegusisha ncha za kipimo kwenye nyaya.

"Zero. Hapa hakuna stima."

"Si ujaribu hicho kipimo kwanza kwa soketi ya friji, ambayo ina stima?" mwenye bucha akamwambia. "Hiyo mashine yako ni ya zamani, boss."

"Hii ina lakiri ya mzee wangu. Nijaribu nini?"

Guka, nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Lakini wanaume walikuwa wengi, na mmoja alikuwa bado ananitazama akitabasamu, na sauti haikutoka. Mjomba akashika waya.

Hakupiga kelele. Alitoa mkoromo tu, mwili ukakakamaa, halafu mwenye bucha akaurukia mkono wa swichi kubwa na kuushusha. Mjomba akaanguka chali. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua. Alipoweza kuketi, alikiokota kipimo.

"Mzee ameniuza," akasema.

"Sasa najua kwa nini hiyo kampuni ilifungwa," mtu akadakia. Wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Mjomba pia akacheka. Mimi nikaweka chakula juu ya kaunta nikarudi nyumbani, mtaani Shauri Moyo.

Leo asubuhi amekiweka kipimo kando ya pipa la taka. Amemwambia Mama kwamba maisha yake yote alijivunia kazi yako bure. Nimeyasikia hayo nikiwa mlangoni, daftari la historia yako mkononi. Naogopa, Guka. Mjomba ndiye mtu pekee asiyeniharakisha ninapoongea. Akijua, labda hatanisubiri tena. Lakini nikinyamaza, atakuchukia wewe, na wewe huna mdomo wa kujitetea.

Naiacha kalamu hapa.

Sasa ni jioni. Nilichukua kipimo na bisibisi, nikatembea hadi Burma. Mjomba alikuwa amerudi kumalizia kazi, mkono umefungwa bendeji. Nikasimama mbele yake na kukiri, kwa sauti ndogo.

"Ongeza sauti, madam," mwenye bucha akasema. "Hata mbuzi waliotundikwa hapa hawakusikii."

"Rudia," Mjomba akaniambia. Hakuwa anacheka.

Nikarudia kwa sauti. "Kazi ya Guka ilikuwa sawa. Nilikifungua mimi. Lakiri ni gundi. Na jana nilikuwa nimesimama hapa, nikanyamaza."

Nilikifungua kipimo juu ya kaunta, nikamwonyesha waya uliong'oka pale kifuniko kilipoubana, nikamwonyesha na herufi. Alipitisha kidole cha mkono wake usioungua juu ya neno "sawa", mara mbili. Hakuniambia amenisamehe. Hakuniita prof kama wale wengine. Alisema tu, "Shika tochi."

Nikaketi juu ya kreti la soda, nikamshikia tochi. Swichi kubwa ilikuwa chini, imezimwa, na mwenye bucha ameilinda kwa mgongo wake. Mjomba alipohitaji mkono wa pili, nilimpa wangu.

Kwaheri, Guka. Kesho historia naianza upya, na kosa langu ndani yake.

Mjukuu wako